Chatu Anayegoma Kula Majira ya Baridi

Chatu mfalme, ambaye katika vitabu vya sayansi huitwa Python regius, ni nyoka wa Afrika Magharibi na Kati ambaye leo hufugwa kwa wingi majumbani Ulaya na Marekani. Kwa kipimo cha chatu ni mfupi, mita moja hadi moja na nusu. Ni mpole pia, na akitishwa hujiviringa na kuficha kichwa katikati badala ya kuuma. Ana tabia nyingine inayowatia wafugaji wake wasiwasi kila mwaka. Ifikapo Oktoba au Novemba, nyoka aliyekuwa akimeza panya kila wiki bila kusita hugoma. Panya huwekwa jioni, asubuhi hukutwa palepale. Mgomo huo huweza kudumu wiki tatu, na huweza kudumu miezi minne au mitano. Kisha siku zikianza kurefuka, nyoka yuleyule hurudia kula ghafla kama alivyoacha.

Mgomo huu una vyanzo vitatu visivyofanana. Cha kwanza ni maumbile ya nyoka mwenyewe, hasa msimu wake wa kuzaliana. Cha pili ni nyumba anamoishi, ambayo majira ya baridi hupoa na kukauka kuliko mfugaji anavyodhani. Cha tatu ni ugonjwa uliosadifu kuanza katika miezi hiyo. Dalili inayoonekana ni moja kwa vyote vitatu, na ndiyo sababu ile kauli inayorudiwa kila mahali, kwamba kutokula wakati wa baridi ni kawaida ya chatu, humfaa nyoka mmoja na kumponza mwingine.

Msingi wa suala zima ni jinsi nyoka anavyotumia chakula. Ng'ombe, paka na binadamu huteketeza sehemu kubwa ya wanachokula ili kuupasha mwili joto. Nyoka hafanyi hivyo. Joto lake ni joto la mahali alipo. Zaidi ya hayo, chatu ni mviziaji. Hazunguki kutwa kutafuta riziki, bali hukaa mahali pamoja, hata siku kadhaa, akisubiri mnyama apite karibu. Mwili wake umeumbwa kwa mlo mkubwa unaofuatwa na njaa ndefu. Katika miaka ya 1990, Stephen Secor na Jared Diamond walichunguza chatu wa Burma na kuonyesha kwamba kati ya mlo na mlo utumbo wa nyoka huyo husinyaa na kazi yake hufifia karibu kusimama. Akimeza, ndani ya siku moja au mbili utumbo huongezeka uzito takriban maradufu, ini na figo hukua, moyo nao hunenepa, na matumizi ya nishati mwilini hupanda mara nyingi, hata kupita mara 40 mlo ukiwa mkubwa mno.

Kuamsha mwili namna hiyo ni gharama, na kazi ikishaanza inahitaji joto la kuimaliza. Panya aliyemezwa na nyoka aliye katika baridi hasagwi kwa wakati; huoza tumboni, na mara nyingi hutapikwa baada ya siku chache. Kutapika kwa nyoka si jambo dogo, kwa kuwa hupoteza maji na majimaji ya tumbo na kuchubua umio. Kwa hiyo nyoka anayehisi kwamba joto la siku zijazo halina uhakika, kisha akaacha mlo, anajiepusha na hasara kubwa kuliko njaa.

Njaa yenyewe anaimudu kwa kiwango ambacho mtu aliyezoea kufuga kuku au mbwa atakiona hakiaminiki. Mwaka 2007, Marshall McCue alichapisha matokeo ya utafiti ambamo nyoka 62 wa spishi tatu, chatu mfalme ikiwa mojawapo, walinyimwa chakula kwa muda uliofikia takriban miezi sita. Walipunguza matumizi ya nishati, baadhi yao kwa hadi asilimia 72. Uzito walioupoteza ulikuwa kati ya asilimia 9 na 24, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba waliendelea kurefuka huku wakikonda. Nyoka hao hawakuwa na furaha ya kufunga, ni kweli, na utafiti haumaanishi kwamba miezi sita bila mlo ni mwendo mzuri wa kufuga. Unaonyesha tu kwamba kwa chatu mzima mwenye afya, mwezi mmoja bila kula hauna uzito wa dharura.

Kustahimili njaa ni jambo moja, na kuichagua wakati chakula kipo ni jambo jingine. Hapa ndipo maelezo ya msimu yanapohitajika. Mwaka 1980, Nicholas Mrosovsky na David Sherry walieleza katika jarida la Science kwamba wanyama wengi huacha kula kwa hiari chakula kikiwa mbele yao, pale kula kunapogongana na shughuli nyingine iliyo muhimu zaidi kwa wakati huo. Kuku anayeatamia ni mfano ulio karibu na kila mtu: huteremka kwenye kiota mara chache, hudonoa kidogo, hupungua uzito, na kumtilia punje jirani hakumfanyi anenepe. Hoja yao kuu ni kwamba mnyama wa namna hiyo hapambani na njaa. Kiwango cha uzito ambacho mwili unakitetea huwa kimeshushwa kwa muda, na hamu ya kula hushuka pamoja nacho.

Kwa upande wa nyoka, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka mbali na Afrika, huko Narcisse katika jimbo la Manitoba, Kanada. Kila mwaka makumi ya maelfu ya nyoka wembamba wa spishi ya Thamnophis sirtalis hulala mashimoni katika miamba ya chokaa kwa muda wa miezi minane hivi. Wakitoka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wamekonda na jua lipo. Mtu angetarajia waende kula. Madume hawaendi. Hubaki penye mashimo siku kadhaa hadi wiki kadhaa wakiwania majike, na utafiti wa Ryan O'Donnell, Richard Shine na Robert Mason uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba katika kipindi hicho dume hupuuza chakula na kuendelea kuchumbia. Baridi imekwisha, chakula kimeletwa, njaa ni ya miezi minane, na bado hali. Kinachomzuia ni kuzaliana.

Chatu mfalme hana majira ya theluji kwao. Makazi yake ni ukanda wa savana na mapori mepesi kuanzia Senegal, kupitia Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi Sudan Kusini na kaskazini magharibi mwa Uganda. Anachokijua ni mvua na kiangazi. Kati ya Novemba na Machi, Afrika Magharibi hupigwa na pepo za Harmattan kutoka Sahara, zenye vumbi na ukavu, na usiku hupoa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Huo ndio msimu wao wa kupandana. Majike wa Ghana na Togo hutaga kuanzia katikati ya Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, mayai sita hivi kwa kawaida, kisha mama huyazungushia mwili na kuyalinda kwa takriban miezi miwili akiwa hali. Watoto huanguliwa mvua zinapokuwa zimeanza na panya wadogo na makinda ya ndege wamejaa. Kalenda hiyo ina mantiki yake: mzazi hufunga kiangazi ili mtoto azaliwe wakati wa neema.

Ukiiweka kalenda hiyo juu ya kalenda ya London au Chicago, miezi inaoana. Afrika Magharibi nayo iko kaskazini mwa ikweta, hivyo siku zake hufupika wakati uleule wa Desemba, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Kusini mwa Togo tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja. London, mwanga wa mchana unaokaribia saa 17 mwezi Juni hushuka hadi chini ya saa 8 mwezi Desemba. Chatu aliyewekwa kwenye kasha la kioo lililo karibu na dirisha anapokea ishara ileile ya kwao, ila kwa ukali ambao babu zake hawakuwahi kuuona. Juu ya mwanga huongezeka ubaridi wa usiku na ukavu wa hewa. Wafugaji wanaozalisha chatu hawa kibiashara wanalijua hilo na hulitumia kwa makusudi: hupunguza joto la usiku kwa nyuzi chache kuanzia Oktoba au Novemba ili kuwachochea kupandana, na hawashangai madume wakiacha kula.

Itafaa kukumbuka pia kwamba wengi wa nyoka hawa hawako mbali na pori. Tangu miaka ya 1970, Ghana, Togo na Benin zimesafirisha chatu wafalme kwa idadi kubwa, na wengi huanguliwa katika mashamba maalumu kutokana na mayai ya majike waliokamatwa porini. Biashara hiyo iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, katika orodha ya pili. Vizazi viwili au vitatu ndani ya kasha la kioo havifuti mazoea ya maelfu ya miaka. Mjini Ouidah, Benin, chatu wafalme huheshimiwa na hutunzwa katika hekalu lao, na mara kwa mara huachwa watoke wakajitafutie chakula. Huenda ni utaratibu wa busara kuliko ule wa mfugaji anayehesabu siku za juma: nyoka mwenyewe ndiye anayeamua lini ale.

Baada ya kuyapa maumbile haki yake, nyumba nayo lazima ihojiwe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo kosa lilipo mara nyingi zaidi, na ndipo panapochunguzwa mara chache zaidi, kwa kuwa ni rahisi kuulaumu msimu kuliko kununua kipimajoto kizuri. Chatu mfalme anahitaji kasha lenye joto la ngazi: upande mmoja nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Usiku joto lisishuke sana chini ya nyuzi 24. Wakati wa kiangazi cha Ulaya kupata viwango hivyo ni kazi nyepesi. Majira ya baridi chumba kilichokuwa na nyuzi 24 hushuka hadi 17 au 18, hasa usiku mashine ya kupasha nyumba inapozimwa ili kupunguza gharama.

Wafugaji wengi hutegemea mkeka wa umeme unaowekwa chini ya kasha, ukiongozwa na themostati, na hudhani kwamba themostati inahakikisha joto. Haihakikishi. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite kiwango kilichopangwa. Haiwezi kuuongezea mkeka nguvu usiyokuwa nayo. Mkeka unaoweza kupandisha joto nyuzi 10 juu ya lile la chumba unaweza kufikia 34 chumba kikiwa na 24, na utatoa 27 tu chumba kikiwa na 17, hata kama themostati imepangwa 32. Isitoshe, mkeka hupasha sakafu lakini hauipashi hewa. Kasha la kioo lenye mfuniko wa wavu huachia joto lote juu. Vipimajoto vya duara vinavyobandikwa ukutani navyo husoma joto la kioo palipobandikwa, tena kwa kukosea, wakati nyoka yuko chini. Kipimo cha kuaminika ni kile chenye kihisio kinachowekwa sakafuni katika maficho yenyewe, au kile cha kuelekeza kwa mwanga wa infraredi, na kisomwe alfajiri, wakati chumba kimepoa kabisa. Mfugaji aliyepima saa nane mchana hajapima majira ya baridi.

Ukavu hauonekani lakini hufanya kazi ileile. Hewa ya nje yenye baridi hubeba mvuke kidogo; ikiingia ndani na kupashwa moto, unyevu wake hupungua hadi asilimia 30 au chini ya hapo. Chatu mfalme anahitaji asilimia 50 hadi 70. Katika hewa kavu anashindwa kujivua gamba vizuri, ngozi hutoka vipandevipande, kamasi za njia ya hewa hukauka, na maambukizi hupata mlango. Nyoka aliye katikati ya kujivua gamba, macho yakiwa na ukungu wa rangi ya samawati, kwa kawaida hali kabisa, na ukavu ukikirefusha kipindi hicho, mgomo wake nao hurefuka. Kufunika sehemu ya wavu, kuongeza bakuli la maji upande wenye joto, na kumwekea maficho yenye kuvumwani wenye unyevu hutosha katika nyumba nyingi.

Jambo la tatu kuhusu nyumba ni utulivu. Desemba ni mwezi wa wageni, watoto wakiwa likizoni, taa zinazometameta na kasha kuhamishwa ili kupisha mapambo ya sikukuu. Chatu ni mnyama wa shimoni. Porini hujificha katika mashimo ya panya na vichuguu. Asipokuwa na maficho mawili yanayombana vizuri, moja upande wa joto na moja upande wa ubaridi, hulazimika kuchagua kati ya usalama na joto, na mara nyingi huchagua usalama akakosa joto la kusagia chakula.

Si kila nyoka wa kufugwa anahusika na maelezo ya chatu mfalme. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, anatoka kusini mashariki mwa Marekani, na jamaa zake wengi wa huko hulala kweli wakati wa baridi. Wilbur Mayhew aliipendekezea hali hiyo jina la pekee mwaka 1965, ili kuitenganisha na usingizi wa baridi wa wanyama wa damu moto: mnyama hupoa, hupunguza mwendo, huweza kuamka kunywa maji, lakini hali. Wazalishaji wa nyoka hao huwanyima chakula kwanza kwa wiki mbili hivi ili tumbo liwe tupu, kisha huwashusha taratibu hadi nyuzi 10 hadi 15 kwa miezi miwili au mitatu. Wakiwa katika baridi hiyo kamili hupoteza uzito kidogo mno. Hatari iko katikati. Nyoka aliyewekwa kwenye nyuzi 20 au 21 ana ubaridi wa kumzuia kusaga chakula na ana joto la kumfanya aendelee kutumia akiba yake. Kinga yake ya mwili pia hulegea. Nyumba nyingi za Ulaya usiku wa Januari ziko katika nyuzi hizohizo. Kwa chatu mfalme, ambaye asili yake ni tropiki, kulazwa baridi kwa mtindo wa nyoka wa mahindi si jambo la kujaribiwa. Huweza kuishia kwenye nimonia.

Umri na jinsia hubadilisha uzito wa kila kisa. Madume waliokomaa ndio wagomaji wakuu, nao huweza kupita baridi nzima wakizunguka kashani usiku, macho makavu, bila kumtazama panya. Majike wanaoandaa mayai kwa kawaida hula kwa pupa mwanzoni, kisha huacha mayai yanapokua, huku wakipendelea upande wa ubaridi au kujizungusha kwenye bakuli la maji. Jike aliyegoma na kuvimba sehemu ya nyuma ya mwili anaweza kuwa na mayai hata kama hajawahi kuona dume: mwaka 2020 chatu mfalme wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliyekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alitaga mayai baada ya miaka mingi bila dume. Watoto ni habari nyingine. Chatu aliyetoka kuanguliwa ana gramu 50 hadi 70 hivi na hana akiba ya kuchezea. Kanuni ya kwamba nyoka hustahimili miezi haimhusu. Mtoto aliyepitisha wiki nne au tano bila kula anahitaji msaada, na msimu si kisingizio chake, kwa kuwa hajafikia umri wa kuzaliana.

Ugonjwa hutofautishwa na mgomo wa msimu kwa mambo yanayoambatana nao. Nyoka mwenye mgomo wa kawaida ana mwili uliojaa, anatoa ulimi haraka anaposumbuliwa, anapumua kimya, na mkojo wake mweupe ni wa kawaida. Mgonjwa huacha alama. Kupumua kwa mluzi au kwa kububujika, kamasi kinywani, na kuinua kichwa juu mdomo ukiwa wazi huashiria maambukizi ya njia ya hewa. Baadhi husababishwa na bakteria wanaofuata baridi, na baadhi na virusi vya jamii ya nidovirusi, vilivyotambuliwa kwa chatu wa kufugwa mwaka 2014. Fizi zenye wekundu na usaha ni kuoza kwa kinywa. Vidoa vyeusi vinavyotembea kandokando ya macho au vilivyozama katika bakuli la maji ni utitiri wa nyoka, ambao hunyonya damu na kumkosesha raha kiasi cha kuacha kula. Kutapika mara kwa mara, hasa pamoja na uvimbe katikati ya mwili, huweza kutokana na vimelea vya kriptosporidiamu, na hapo nyoka wengine wa nyumba hiyo watengwe mara moja. Dalili yoyote kati ya hizi huifuta hoja ya msimu. Nyoka apelekwe kwa daktari wa wanyama aliyezoea watambaazi, si baada ya baridi kwisha bali wiki hiyohiyo.

Dalili zisipokuwepo, mwamuzi ni mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Nyoka apimwe mara moja kwa wiki mbili, akiwa ndani ya ndoo au mfuko, na tarakimu iandikwe. Dume aliyeanza Oktoba na gramu 1,400 akawa na 1,350 mwishoni mwa Desemba amepoteza chini ya asilimia 4 na hana tatizo. Akifika 1,260, yaani asilimia 10 pungufu, ni wakati wa kuhakiki upya kila kitu na kumpeleka kwa daktari. Kushuka kwa ghafla kusomwe kwa uangalifu: nyoka akitoa choo kikubwa huweza kupoteza makumi ya gramu siku moja bila kukonda hata kidogo. Umbo nalo husema. Chatu mwenye afya ana mgongo wa mviringo. Uti wa mgongo ukianza kuchomoza na pande zikibonyea, akiba imeliwa. Kuna pia wale ambao mgomo unawafaa. Chatu wengi wa majumbani wamenenepeshwa kupita kiasi kwa panya wa kila wiki, na miezi miwili ya kufunga huwarudisha kwenye uzito waliopaswa kuwa nao.

Kuhusu hatua za kuchukua, nyingi zinazofaa ni za kuacha kufanya jambo. Nyoka asipewe panya kila siku mbili. Kila siku 10 hadi 14 inatosha, kwa sababu kila panya anayekataliwa ni usumbufu mpya. Asishikwe siku mbili kabla ya jaribio na siku mbili baada yake. Panya aliyegandishwa ayeyushwe taratibu, kisha apashwe kwa maji ya moto, akiwa ndani ya mfuko, hadi afikie joto la mnyama hai, nyuzi 37 hadi 40. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, na panya aliyepoa kwake ni kitu tu kilicholala. Apewe usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa koleo ndefu, mbele ya mlango wa maficho. Panya mdogo kuliko wa kawaida hukubaliwa kwa urahisi zaidi.

Kubadilisha aina ya mawindo husaidia wakati mwingine. Porini, kama utafiti wa Luca Luiselli na Francesco Angelici wa kusini mashariki mwa Nigeria ulivyoonyesha mwaka 1998, madume na chatu wadogo hula ndege kwa wingi, na majike wakubwa hula zaidi panya na jamii zao. Kwa sababu hiyo dume aliyegoma panya huweza kukubali kifaranga. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamegundua pia kwamba chatu mfalme mkaidi huvutiwa na panya wa jenasi ya Mastomys, na siku hizi panya hao huzalishwa huko kama chakula cha nyoka. Mkulima wa Morogoro atashangaa kusikia hivyo, kwa maana Mastomys natalensis ndiye panya shamba yuleyule anayefukua mbegu za mahindi, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimemtafiti kwa miaka mingi kikitafuta namna ya kumpunguza.

Mawili yasifanywe. La kwanza ni kumtupia nyoka asiye na njaa panya hai na kwenda kulala. Panya aliyefungiwa na nyoka asiyetaka kula huishia kumtafuna nyoka, mgongoni na mkiani, na majeraha hayo yameua chatu wengi ambao mgomo wenyewe usingewaua. La pili ni kumlisha kwa nguvu. Kumfungua nyoka taya na kumsukumia panya kooni huweza kumvunja meno, kumjeruhi umio na kumfanya atapike, na baada ya hapo hofu ya chakula huongezeka. Kuna wagonjwa na watoto wanaookolewa kwa kulishwa kwa mrija, lakini hiyo ni kazi ya daktari.

Afrika Mashariki, kufuga nyoka sebuleni si desturi, na nchini Kenya na Tanzania mnyamapori hafugwi bila kibali. Hata hivyo bustani za nyoka zipo, Nairobi na karibu na Arusha, na suala la baridi linazihusu pia. Nairobi mwezi Julai usiku huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na hiyo inatosha kabisa kumfunga tumbo nyoka wa Pwani asiyewekewa chanzo cha joto. Kusini zaidi, chatu wakubwa wa Afrika Kusini wa spishi ya Python natalensis wana mfungo mrefu unaotokana na uzazi: Graham Alexander, aliyewafuatilia kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo yake mwaka 2018, alikuta kwamba jike anayezaa hukaa takriban miezi sita bila kula, akitaga, akiatamia, na hata akiwalinda watoto kwa takriban wiki mbili baada ya kuanguliwa.

Mgomo wa msimu ukiisha, nyoka asirudishwe mara moja kwenye mlo wa zamani. Utumbo uliosinyaa kwa miezi minne unahitaji kuamshwa kwa panya mdogo, kisha siku 10 za kusubiri, kisha mwingine, hadi mlo wa tatu au wa nne ndipo panya wa ukubwa wa kawaida arejee. Wengi huanza kula kati ya mwishoni mwa Februari na Aprili. Chatu aliyefika Mei bila kula, joto na unyevu vikiwa vimethibitishwa kwa vipimo na uzito ukiendelea kushuka, hana tena mgomo wa baridi. Huyo ni mgonjwa, na atendewe kama mgonjwa.